Barua ya kazi ya Kanada: Si kila karatasi inavusha bahari

IKIWA nyumbani kwako kuna kijana aliyemaliza chuo na bado anatafuta kazi, bila shaka habari za Kanada zimeshabisha hodi. Huzungumzwa ndani ya matatu, kwenye vikao vya chama, nje ya kanisa baada ya ibada na katika makundi ya WhatsApp ya jamaa. Kila mara kuna mtu anayemjua mtu aliye na "nafasi" huko, na kila mara kuna ada inayotakiwa kufika kabla ya Ijumaa.

Basi mzee huuza kipande cha shamba, mama hukopa katika Sacco, nao ndugu walioajiriwa huchangishwa mmoja baada ya mwingine. Wapo vijana waliosafiri kweli na wakatulia huko pamoja na wake na watoto wao. Wapo pia waliobaki na barua yenye nembo ya kuvutia, mhuri mwekundu na nambari ya simu isiyopokelewa tena.

Tofauti baina ya makundi haya mawili aghalabu si bahati. Ni barua yenyewe: imetoka kwa nani, ni ya kazi gani, na kama serikali ya mkoa huko Kanada inaitambua.

Njia ya kuhamia Kanada inayojulikana zaidi hapa kwetu ni ile ya kuhesabu alama. Umri una alama zake, elimu ina zake, Kiingereza na Kifaransa vivyo hivyo. Mtu wa miaka 42 mwenye diploma hujikuta akiachwa nyuma na vijana wenye shahada mbili. Lakini kuna njia nyingine ambayo sheria yake haiweki kikomo cha umri wala haimtaki mtu awe na shahada kubwa. Inachotaka kwanza ni mwajiri. Njia hiyo ni Mpango wa Uhamiaji wa Atlantiki, unaohusu mikoa minne ya mashariki mwa nchi hiyo: New Brunswick, Nova Scotia, Prince Edward Island, na Newfoundland na Labrador.

Wengi wetu tukisikia Kanada tunafikiria Toronto. Mikoa hii ni dunia nyingine kabisa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021 yote minne kwa pamoja ilikuwa na watu milioni 2.4, ilhali Nairobi peke yake ilikuwa na watu milioni 4.4 katika sensa yetu ya 2019. Prince Edward Island ilikuwa na watu 154,331, yaani imeizidi kidogo tu kaunti ya Lamu. Miji ni midogo, wazee ni wengi, na kwa miaka mingi vijana wa huko wamekuwa wakifunga mizigo kuelekea Ontario na Alberta.

Newfoundland ndiyo iliyoumia zaidi. Mnamo Julai 1992 serikali ilipiga marufuku uvuvi wa samaki aliyekuwa uhai wa kisiwa hicho kwa karne kadhaa, kwa kuwa alikuwa karibu kumalizika baharini. Watu wapatao 30,000 walipoteza riziki. Vijiji vizima vya pwani vilibaki na wazee. Mkenya anayeijua hali ya kijiji ambacho vijana wote wamehamia mjini hatahitaji kuelezwa zaidi.

Ndiyo sababu mwaka 2017 serikali ya Kanada na mikoa hiyo ilianza kujaribu mpango wa kuwaruhusu waajiri wa huko watafute wafanyakazi nje ya nchi na kuwaleta moja kwa moja kama wakazi wa kudumu. Januari 2022 jaribio hilo lilifanywa mpango wa kudumu.

Mwajiri hukaguliwa kwanza

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na ndipo matapeli wengi hujikwaa. Si kila kampuni ya Halifax au Moncton inaweza kumwandikia Mkenya barua ya kazi chini ya mpango huu. Kampuni lazima kwanza iteuliwe na serikali ya mkoa wake. Ili iteuliwe, kwa kawaida inatakiwa iwe imefanya kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na wakuu wake wapate mafunzo ya jinsi ya kuishi na kufanya kazi na watu wa tamaduni nyingine. Kila mkoa huchapisha orodha ya waajiri iliowateua katika tovuti ya serikali yake, na mtu yeyote anaweza kuisoma akiwa hapa Nairobi bila kulipa senti.

Mwajiri aliyeteuliwa ana nafuu moja kubwa: hahitaji kupata kile cheti cha serikali kuu cha kuthibitisha kwamba amekosa raia wa Kanada wa kuifanya kazi hiyo. Cheti hicho ndicho huwakatisha tamaa waajiri wengi katika njia nyingine.

Akishampata mfanyakazi, humpa barua rasmi. Kazi sharti iwe ya saa zisizopungua 30 kwa juma, mwaka mzima. Kazi ya msimu haikubaliwi. Kwa kazi za ujuzi wa juu na wa kati, mkataba uwe wa angalau mwaka mmoja kuanzia mtu anapopata ukazi wa kudumu. Kwa zile za ngazi ya chini zaidi inayoruhusiwa, mkataba usiwe na tarehe ya kumalizika. Halafu mwombaji na jamaa zake wanaokwenda naye huandaliwa mpango wa makazi na shirika linalotambuliwa, bila malipo: watoto watasoma wapi, nyumba zinapatikanaje, daktari yuko wapi. Mwajiri huipeleka barua kwa mkoa, na mkoa ukiridhika humwandikia mwombaji barua ya kumuidhinisha. Ni baada ya hapo tu ndipo ombi la ukazi wa kudumu hupelekwa kwa serikali kuu.

Kwa hivyo barua ni mbili, ya mwajiri na ya mkoa. Mtu mwenye ile ya kwanza peke yake bado hajafika popote.

Kazi zipi?

Kanada hupanga kazi zake zote katika ngazi sita, kuanzia 0 hadi 5. Sifuri ni mameneja. Moja ni kazi za shahada, kama uuguzi uliosajiliwa na uhandisi. Mbili ina mafundi waliosomea kazi zao, wakiwemo wachomeleaji vyuma. Tatu ina madereva wa malori ya masafa marefu, wapishi na wasaidizi wa wauguzi hospitalini. Nne ina kazi kama ya kuwatunza wakongwe majumbani. Tano ni kazi zisizohitaji mafunzo: kusafisha vyumba vya hoteli, kuosha vyombo, kuchuma matunda shambani.

Mpango wa Atlantiki huishia ngazi ya nne.

Tafadhali soma sentensi hiyo tena, msomaji, kwa sababu matangazo mengi yanayozunguka mitaani ni ya kuchuma matunda na kusafisha hoteli. Kazi hizo zipo Kanada, na wapo wageni wanaozifanya kwa vibali vya muda. Lakini anayekuahidi ukazi wa kudumu wa Atlantiki kwa kazi ya kuchuma matunda anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Upande wa elimu, wanaopewa kazi za ngazi 0 na 1 wawe na angalau mwaka mmoja wa masomo baada ya shule ya upili. Kwa ngazi zilizosalia, kumaliza shule ya upili kunatosha. Cheti cha KCSE hupelekwa kwa moja ya mashirika yanayotambuliwa na Kanada ili kilinganishwe na cha huko.

Kiingereza nacho hupimwa, hata kwa sisi tuliosomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne. Hapa wengi hukasirika, lakini hasira haisaidii. Kiwango chenyewe si cha kutisha. Katika mtihani wa IELTS wa aina ya jumla, anayeomba kazi ya ngazi 0 hadi 3 anahitaji 5.0 katika kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na 4.0 katika kusoma. Kwa ngazi ya nne ni chini kidogo ya hapo. Mwanafunzi aliyepita KCSE vizuri hana sababu ya kulipia masomo ya miezi sita ya kujiandaa.

Linalowaangusha watu wetu ni uzoefu wa kazi. Unatakiwa uwe na saa 1,560 za kazi katika miaka mitano iliyopita, zilizopatikana katika muda usiopungua miezi 12. Saa hizo zaweza kutoka kwa mwajiri zaidi ya mmoja. Lakini sharti ziwe za kulipwa, kwa hivyo mafunzo ya nyanjani yasiyo na mshahara hayahesabiwi. Na sharti uwe umeajiriwa. Saa za mtu aliyejiajiri hazihesabiwi hata moja.

Fikiria jambo hilo kwa macho ya Gikomba au Kariobangi. Fundi mwenye karakana yake, aliyechomelea milango na mageti kwa miaka 15 na kuwafundisha vijana kumi, hana hata saa moja machoni mwa mpango huu. Yule kijana aliyemwajiri miaka miwili iliyopita, akimwandikia barua nzuri, anaweza kufuzu. Mimi naona hilo si haki kwa nchi ambayo watu wengi huishi kwa jua kali, lakini ndivyo sheria ilivyo, na afadhali fundi alijue kabla ya kuuza mashine zake.

Wauguzi nao wamewekewa kanuni yao. Muuguzi aliyesajiliwa anaweza kuutumia uzoefu wake kufuzu kwa kazi ya msaidizi wa wauguzi au ya kuwatunza wakongwe nyumbani. Ni mlango wa haraka, kwa kuwa leseni ya uuguzi ya mkoa huchukua muda wake. Lakini ajue anachokubali: yule aliyekuwa akisimamia wodi hapa ataanza kwa kuwaogesha na kuwalisha wazee, na mshahara ni wa kazi hiyo.

Pesa za nani?

Kijana akija na kusema, "Mjomba, nimepata kazi Halifax, imebaki tu ada ya mwajiri," mjomba na aulize jina la kampuni, kisha walitafute pamoja katika orodha ya mkoa. Wakilipata, wapige simu kwa nambari waliyoipata wenyewe, si ile iliyo kwenye barua, kwani matapeli huiba hata majina ya kampuni za kweli.

Kazi yenyewe hainunuliwi. Sheria ya Nova Scotia, kwa mfano, inamkataza wakala kumtoza mfanyakazi ada ya kumtafutia kazi. Hapa nyumbani, mawakala wa kuwapeleka watu ng'ambo wanatakiwa wawe wamesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Na anayelipwa ili akuwakilishe mbele ya idara ya uhamiaji ya Kanada sharti awe wakili wa huko au mshauri mwenye leseni ya huko.

Gharama halali zipo, wala si ndogo. Kuna ada ya mtihani wa Kiingereza, ya kulinganisha vyeti, ya daktari na ya alama za vidole. Kuna ada ya serikali ya Kanada yenyewe, ambayo mwaka 2024 ilikuwa dola 1,525 za nchi hiyo kwa mtu mzima. Asiyekuwa tayari akifanya kazi Kanada huonyesha pia akiba ya kuanzia maisha. Pesa hizo haziwi za wakala. Hubaki katika akaunti yako.

Jihadhari pia na ule ushauri wa "nenda kwa viza ya utalii, kazi utaipata huko huko." Wakati wa janga la korona Kanada iliwaruhusu watalii waombe kibali cha kazi wakiwa ndani ya nchi. Ruhusa hiyo ilifungwa Agosti 28, 2024.

Jambo jingine ni la siri za nyumbani. Ombi humjumuisha mume au mke, na watoto wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 22. Wote sharti watajwe, hata wasiosafiri. Kijana anayeficha mtoto aliyezaa nje kwa kuogopa maneno ya mchumba anaweza kumfungia mtoto huyo mlango asije kumfuata baadaye. Tena uongo ukigunduliwa, humfanya mwombaji asikanyage Kanada kwa miaka mitano.

Nafasi zenyewe zinapungua. Mwaka 2024 Kanada ilipanga kupokea watu 6,500 kupitia mpango huu, na mwaka 2025 ikashusha idadi hiyo hadi 5,000, wake, waume na watoto wakiwemo. Njia nyingine za mikoa zilikatwa nusu mwaka huo huo, kutoka 110,000 hadi 55,000. Kwa sababu hiyo mikoa imeanza kuchagua, na kipaumbele kinakwenda hasa kwa kazi za afya na ujenzi. Newfoundland na Labrador, tangu 2025, hutaka mwombaji atangulize ombi la kuonyesha nia na asubiri kualikwa.

Matokeo ya mtihani wa Kiingereza hudumu miaka miwili, na ulinganisho wa vyeti miaka mitano. Lakini barua ya mwajiri wa zamani, yenye cheo, majukumu, tarehe na saa kwa juma, ni vigumu kuipata kampuni ikishafungwa au meneja akishahama. Anayetaka kuanza safari hii na aanzie hapo: aombe barua hizo Jumatatu, azifungie pamoja na hati za mshahara, fomu za P9 na taarifa ya NSSF, ndipo apange tarehe ya mtihani.