Wifi, Shika Mwiko

Mgeni mmoja kutoka Dar es Salaam aliniambia kwamba wanawake wa huku hawana uanamichezo. Alikaa jioni moja tu katika baa ya Manundu, Korogwe, siku kina dada wa Handeni walipokuja kucheza pool na wenyeji, na kelele zile zikamtosha kutoa hukumu. Mimi nilikuwepo, na hukumu hiyo siikubali.

Alichosikia ni hiki. Msusi wa Handeni ameinama juu ya meza, anaupigia hesabu mpira mweusi, wa mwisho. Mama lishe wa Korogwe, mpinzani wake, akapaza sauti: "Wifi, shika mwiko! Hiyo fimbo itakuvunja kiuno!" Msusi hakugeuka. Akapaka chaki taratibu, akajibu: "Mwiko ndio ulionipa shabaha. Leta sahani nikupakulie." Baa nzima ikaangua kicheko, na aliyecheka kuliko wote ni mama lishe.

Anayesikia matusi hapo hajaishi nasi. Mmoja ni Mzigua, mwingine Msambaa, na hakuna ndoa inayowaunganisha. Lakini kwetu humtanii mtu hivi hivi. Kwanza unampa nafasi katika ukoo, na wifi ni nafasi yenye uhuru mkubwa wa maneno. Ukishaniita wifi umeniruhusu nikujibu.

Nendeni msibani mkaone utani ulivyo kazi nzito. Mtani ndiye anayeingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Ndiye anayevaa kanzu ya marehemu na kuuiga mwendo wake, hadi mjane ambaye hajatia kitu kinywani tangu jana anajikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, na sijaona dawa ya huzuni inayoyashinda. Mtani huyo huyo akiondoka na kuku wako, hulalamiki. Zamu yako inakuja.

Bibi yangu wa Sindeni alikuwa mtu wa ngoma. Alinisimulia walivyokuwa wakitembea kwenda kushindana na wanawake wa kijiji kingine, njiani wakitunga nyimbo za kumsema kiongozi wa upande wa pili: maringo yake, mboga yake yenye chumvi nyingi, mume wake anayekoroma. Walipofika walijibizana hadi usiku wa manane. Kisha wenyeji, washinde wasishinde, waliwapakulia wageni, wakalala mkeka mmoja na kuondoka asubuhi.

Pwani yote inaujua mchezo huu. Mombasa, vyama vya ngoma ya lelemama vya Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana kwa mavazi, karamu na nyimbo za kejeli. Tanga tulikuwa na vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star. Miaka ya 1990, waimbaji wa taarab Khadija Kopa wa kikundi cha TOT na Nasma Khamis wa Muungano walijaza kumbi kwa mipasho. Na wanaume je? Simba na Yanga wanakejeliana mwaka mzima, nasi tunawaita kwa heshima watani wa jadi. Wanawake wawili wakifanya hivyo kwenye meza ya pool, jina linabadilika na kuwa utovu wa adabu. Hilo ni dhuluma.

Hata hivyo jioni ile iliishia pabaya, na hapo sina la kutetea. Msusi alipiga. Mweusi ukaingia, na mweupe ukaufuata shimoni. Ameshindwa. Mama lishe akanyoosha mkono, msusi hakuupokea. Alitupa fimbo juu ya meza, akamwambia mwenzake neno kuhusu tumbo lisilozaa. Baa ikanyamaza kimya.

Utani haufiki huko. Bibi alinifundisha kwamba mtani hugusa kile unachoweza kukijibu: mapishi, mwendo, majivuno. Utasa, maradhi na mtoto aliyezikwa havigusi, kwa sababu havina jibu. Na utani hufungwa kwa chakula. Usipokula na uliyemkejeli, kejeli inabaki kuwa kejeli.

Naamini hapo ndipo tulipopotea. Meza ya pool imerithi ulimi wa bibi zetu na kuiacha sinia. Zamani aliyekuja kushindana alilala kwa wenyeji apende asipende, na mpaka kuche hasira imepoa. Leo kati ya Korogwe na Handeni ni kilomita 65 za lami. Mchezo ukiisha gari liko mlangoni, na kila mtu anarudi na kinyongo chake kikiwa bado cha moto.

Mama lishe alikuwa amewapikia wageni wote bada, yaani ugali wa muhogo, na mboga ya mchunga. Walipowasha gari alitoka nje, mwiko mkononi, akawaita mara mbili. Hakuna aliyeshuka. Alirudi ndani, akafunika masufuria moja baada ya jingine, bila kusema neno.