Jenerali mwenye watumwa wa mashimo na swali la Socrate

Ku Delphes, inchi ya Ugiriki, hekalu la Apollo lilikuwa na maneno machache yenye kumwambia kila mutu ajijue mwenyewe. Wengi waliyasoma na kupita. Socrate wa Athènes njo alizunguka mu muji akiuliza watu kama wanajijua kweli.

Platon anaandika namna aliuliza majenerali wawili, Lachès na Nicias: ushujaa ni nini?

Lachès aliona ni jambo jepesi. Shujaa ni yule anabakia mu mustari, hakimbii. Na yule anayepigana na ugonjwa, ao na umasikini? Basi, akasema, ni uvumilivu wa roho. Hapa Socrate akaleta mufano ambao sisi wa mashimo hatuwezi kuupita mbio. Watu wanashuka mu kisima: mumoja anajua kazi ile, mwengine hajui, na wote wanavumilia. Nani shujaa? Lachès akajibu: yule asiyejua. Lakini mbele kidogo alikubali kwamba uvumilivu bila akili ni kitu kibaya! Maneno yake mwenyewe yakamufunga. Akakasirika, si na Socrate, ila na nafsi yake: anasikia ushujaa mu roho lakini hawezi kuusema. Ku mawazo yetu, pale njo pazuri kupita pote mu kitabu, juu mutu mukubwa amegundua, mbele ya wengine, kwamba hajui.

Nicias alikuwa fundi wa maneno. Ushujaa, akasema, ni kujua nini ya kuogopa na nini hapana. Socrate akamuonyesha kwamba hiyo inakuwa kujua mema na mabaya yote, si ushujaa peke. Nicias hakusumbuka. Atayatengeneza kisha, akasema, pamoja na Damon.

Sasa Nicias huyu ni nani? Xénophon anaandika alikuwa na watumwa 1.000 mu mashimo ya feza, akiwakodisha kwa mwengine, obole moja ku siku kwa kila kichwa. Nani alikuwa shujaa kule chini? Mu kitabu cha Platon hakuna anayemuuliza. Sisi tungemuuliza.

Mu mwaka 413 mbele ya Kristo, Nicias alikuwa ku Sicile na jeshi la Athènes. Vita vilikuwa vinawashinda, mashua zilikuwa tayari kuondoka. Usiku ule mwezi ukaingia giza. Wafumu wakasema wangoje siku 27, naye akakubali. Lakini kwa Platon ni Nicias huyuhuyu alisema mufumu anajua tu alama za mambo yanayokuja, hajui lipi ni bora kwa mutu.

Adui wakafunga bandari. Jeshi likajaribu kukimbia kwa miguu, likakamatwa, na Nicias akauawa. Wafungwa wasiopungua 7.000 wakatupwa mu kariere za mawe za Syracuse, bila kivuli. Thucydide anaandika kwamba kwa miezi munane kila mutu alipata, ku siku, karibu robo litri ya maji na nafaka kidogo.