UVUNGUNI SARUJI, KORIDONI NONDO: HAPO NYUMBANI AU DUKANI?

Kijana wa Mgwashi aliyeko Dar na anajenga kwao huna haja ya kumuuliza. Angalia simu yake tu. Kila mwisho wa mwezi kuna mshiko umepanda mlimani: mara mifuko mitano ya saruji, mara bando la bati, mara kilo kadhaa za misumari. Anayepokea ni baba au kaka mkubwa, na stoo ni nyumba ileile wanayolala wazee. Uvunguni misumari, sebuleni mbao za kenchi, kitanda cha wageni kimegeuzwa ghala la saruji. Mgeni akija analala kwa jirani!

Lakini tusicheke sana. Kujenga kidogokidogo ndiyo benki yetu sisi akina yakhe. Halafu kule Usambara gari ni shughuli. Mzigo unapanda kona za kutoka Mombo hadi Soni, ndipo ushike njia ya upande wa Bumbuli, na masika ikikolea tope linaweza kulifanya lori ligome. Mtu akipata gari anapakia vyote kwa mkupuo. Ukiacha nje, umewaita wezi mwenyewe. Kwa hiyo kukusanya si ujinga. Kasheshe ni pale vitu hivyo vinapolala chumba kimoja na binadamu.

Saruji kwanza, maana ndiyo watu wanaikimbilia wakati haipendi kusubiri. Mfuko wa karatasi hauzuii unyevu, na ukungu wa kule mnaujua. Ikikaa kama miezi mitatu hivi inakuwa imeshapoteza sehemu ya nguvu yake. Ikishafanya mabonge yasiyopondeka kwa vidole, hilo ni jiwe ulilouziwa kwa bei mbaya. Wapo watakaoyaponda kwa nyundo, wayachanganye na mpya, wayamwage kwenye lenta. Halafu wewe ndiye unayekwenda kulala chini ya hiyo lenta. Shauri yako.

Uzito nao si wa kuchezea. Mifuko 20 ya kilo 50 ni tani nzima, na ukiiegemeza kwenye ukuta wa udongo unautafutia ukuta sababu. Mtoto akiipanda ikamporomokea, habari nyingine hiyo. Na nje je? Nyumba nyingi za milimani zimekaa kwenye kiwanja kilichochongwa ubavuni mwa mlima. Ukirundika mawe na tofali kwenye ukingo wa juu, nyuma ya chumba cha kulala, unaongeza mzigo juu ya udongo ambao mvua inaulainisha kila siku. Rundo likae upande wa chini wa nyumba, hata kama kulipandisha tena kutakugharimu vibarua.

Nondo zinakunjwa katikati ili zienee garini, kisha zinalazwa koridoni ncha zikiangalia mlangoni. Usiku taa imezimika, bibi anatoka kwenda msalani... malizia mwenyewe. Kila ncha ifungwe kitambaa au ichomekewe chupa ya plastiki, kazi ya dakika kumi.

Sasa tuje kwenye mnyama mwenyewe: tina ya kuchanganyia rangi, na petroli ya msumeno wa mnyororo. Vitu hivi vinatoa mvuke hata kama kifuniko umekaza kwa meno. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unatambaa sakafuni kimyakimya kama paka. Juni na Julai kule baridi si mchezo. Madirisha yanafungwa, jiko la mkaa linaingizwa ndani (nalo lina gesi yake inayoua bila harufu), koroboi inawashwa. Mvuke ukilifikia jiko, moto unarudi nao hadi kwenye dumu. Hakuna haja ya mtu kuligusa. Agosti 10, 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Na hapo ilikuwa nje, kweupe. Wewe unalo dumu nyuma ya mlango unaotokea.

Tena tuna tabia mbaya ya kumimina tina, mafuta ya taa na dawa ya mchwa kwenye chupa za soda. Mtoto wa miaka miwili atajuaje? Akinywa, msimtapishe na msimpe maziwa eti yakate sumu. Mafuta yakipanda tena yanaingia mapafuni. Mbebeni hospitali, na chupa yenyewe mwende nayo.

Vipande vya mbao za paa vyenye rangi ya kijani, tafadhali mama asivipikie. Dawa ile mara nyingi ina aseniki, na ukiichoma inakwenda kwenye moshi na majivu. Msumari nao: watu wanasema kutu ndiyo inaleta pepopunda, kumbe ni vijidudu vya kwenye udongo na mavi ya mifugo. Msumari unaong'aa ulioangukia karibu na banda la mbuzi unatosha kabisa. Ukikuchoma, osha kwa sabuni na maji mengi, kisha kachome sindano, hasa kama ya mwisho ulichomwa enzi za shule.

Ufanyeje sasa? Nunua kwa mpangilio. Mawe, kokoto na tofali vinaweza kukusubiri hata miaka. Saruji inunuliwe fundi akiwa ameshaweka kambi, rangi na tina wiki ya kupaka. Wenye maduka wengine wanakubali ulipe kidogokidogo mzigo ukae kwao. Dai risiti yenye muhuri na bei, maneno ya "tunaaminiana" waachie wachumba.

Na kabla hujatuma pesa ya mwezi huu, mpigie mama umuulize dumu la petroli limewekwa wapi. Akikwambia liko jikoni pembeni ya mkaa, pesa hiyo ijenge kwanza kibanda cha miti na bati chakavu mbali na nyumba, chenye kufuli na uwazi wa kupitisha upepo.