Je, Wajua? Kuna Mchezo Usiosonga Mpaka Umfute Mhusika

▪ Katika Doki Doki Literature Club, riwaya ya picha ya kompyuta iliyotoka 2017, mchezaji hukwama mpaka afungue folda na kufuta faili ya msichana Monika: monika.chr.

▪ Monika husoma jina la mwenye kompyuta. Ukicheza Eldoret kwenye laptopu iliyoandikishwa “Chebet”, huenda akaliacha jina ulilojipa mchezoni, akakuuliza kama kwa kweli unaitwa Chebet.

▪ Mwaka 2009, Mjapani mmoja alifanya harusi na mhusika wa mchezo wa LovePlus. Bi harusi alikuwa ndani ya Nintendo DS.

▪ Tangu 2022, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani ina uraibu wa michezo ya video. Dalili: kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo kuliko yote, kuendelea hata ukikudhuru. Kwa kawaida, dalili hizo huwa zimedumu angalau miezi 12.