Mbio za magari mlangoni kwa watu

Mbio za magari katika barabara za mji zina utamu wake. Kona ambayo mwenye duka huikata kila asubuhi akiwa na kikapu, ndiyo dereva bingwa anaikata kwa kasi ya kutisha. Pale Monaco, tangu mwaka 1929, magari yanapita katikati ya majumba na bandari, mzunguko wa kilomita 3.3 hivi. Ukikosea kidogo, hakuna uwanja wa nyasi wa kukupokea. Mwaka 1955 Mwitaliano Alberto Ascari alitumbukia baharini na gari lake, akaokolewa.

Ila wembamba huo unaonogesha mchezo ndio pia unaouharibu. Magari ya siku hizi ni mapana, kupitana Monaco ni kazi ngumu, na mara nyingi aliyetangulia mwanzoni ndiye anayemaliza mbele.

Sisi Afrika Mashariki tuna ya kwetu. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi barabara hazikufungwa. Mabasi, malori, ng'ombe, wote walikuwemo. Timu zenye fedha zilirusha helikopta kumwonya dereva kilichoko mbele. Mwananchi alitazama bure, akala vumbi. Mkenya Joginder Singh alishinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976, akajulikana hata kwa asiyemiliki baiskeli. Baada ya 2002 mashindano hayo yalitoka katika ubingwa wa dunia. Yaliporudi mwaka 2021, yaliendeshwa katika njia zilizofungwa, nyingi zikiwa upande wa Naivasha.

Hapa Tandale vijana huuliza kwa nini nasi tusifunge barabara moja tukashindana. Hamu hiyo naipenda. Lakini milango yetu inafungukia njiani, na mama muuza maandazi amekaa hatua mbili tu kutoka kwenye lami. Kule Le Mans, Ufaransa, ambako sehemu ya njia ni barabara ya kawaida, mwaka 1955 vipande vya gari lililopata ajali viliwarukia watazamaji, wakafa zaidi ya 80. Na hao walikuwa wamekuja kutazama kwa hiari yao. Mama wa maandazi hakukata tiketi.

Kwangu mimi, ikibidi, iwe barabara pana, siku ya Jumapili, na kabla ya uzio kufungwa aulizwe mwenye duka, aulizwe na mwenye mgonjwa: siku hiyo atapita wapi kwenda hospitali?