Chunusi Hupona, Doa Hubaki

Binti aliingia, akanipa shikamoo, akaketi, kisha akamimina mezani vyote vilivyokuwamo kwenye mkoba wake wa kitambaa. Tyubu mbili za krimu, sabuni ya kung'arisha uso, kichupa cha maji ya ndimu, na kikopo cheupe cha plastiki kisicho na jina wala tarehe. Alikuwa mwaka wa pili chuoni. Vipele vilivyoiva usoni havikuzidi saba, lakini kuanzia mashavuni hadi kwenye taya palitapakaa madoa meusi ya kila ukubwa.

"Daktari, chunusi zenyewe nimezizoea," alisema. "Naomba uniondolee haya madoa tu."

Maneno hayo nayasikia karibu kila wiki, na siyashangai. Kwenye ngozi nyeusi kipele chenyewe hukaa siku chache, ila alama yake hukaa miezi, na ni alama ndiyo inayomfanya msichana avute mtandio hadi kidevuni au mvulana akatae kupigwa picha. Hata hivyo, kosa kubwa huanzia hapohapo. Mtu akishughulikia madoa huku chunusi zinaendelea kutoka, anafagia chini ya mti unaopukutisha majani. Kila kipele kipya ni doa jipya.

Chunusi huanza muda mrefu kabla ya kuonekana. Kila kinyweleo cha usoni kimeota ndani ya kifuko chembamba, na ubavuni mwa kifuko hicho ipo tezi inayotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Mtoto anapobalehe, homoni za androjeni, ambazo wavulana na wasichana wote wanazo, huzichochea tezi hizo zikue na kutoa mafuta mengi. Wakati huohuo chembe za ngozi zilizokufa, badala ya kupukutika, hugandana na kuziba mdomo wa kifuko, na mafuta hukosa pa kutokea. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu, mwenye chunusi na asiye nazo, hustawi humo ndani. Mwili ukiwashambulia, mahali hapo huvimba, huuma na kutunga usaha. Tangu kuziba hadi kipele kuonekana kwenye kioo huweza kupita wiki kadhaa.

Kwa hiyo si damu chafu, wala si ukosefu wa usafi. Hata vile vidoa vyeusi vya puani ambavyo watu huvisugua kwa dodoki si uchafu. Ni mafuta na chembe zilizokufa zilizojikusanya mdomoni mwa kifuko, zikakutana na hewa na kubadilika rangi. Dodoki haliviondoi, linachubua tu. Na lile neno la kina mama kwamba "zitaisha ukiolewa" limewachelewesha mabinti wengi wakapata makovu ambayo dawa ingeyazuia. Wapo wanawake wa miaka 35 wenye watoto watatu ambao chunusi za taya bado huwatoka kila hedhi inapokaribia.

Kuhusu chakula niseme kwa ufupi. Vyakula vya sukari nyingi na wanga uliokobolewa vinaweza kuzidisha chunusi kwa baadhi ya watu, na kwa wengine maziwa pia. Mwaka 2002 watafiti walichapisha taarifa za wakazi wa kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, wanaokula viazi, matunda, samaki na nazi, ambao hawakukutwa na chunusi hata mmoja. Soda tatu kwa siku zinafaa kupunguzwa, lakini sijapata kuona chunusi kali ikipona kwa kuacha chipsi peke yake.

Kitu ninachokiuliza zaidi ni mafuta ya nywele. Mwaka 1970 madaktari wa ngozi nchini Marekani walieleza aina ya chunusi waliyoikuta kwa wanaume weusi waliokuwa wakipaka mafuta mazito kichwani: vipele vidogovidogo vilivyojipanga kwenye paji la uso na pembeni mwa macho, pale mafuta yanapochuruzikia. Nasi tunaiona hadi leo. Mama anamsuka binti, anampaka mafuta mpaka kwenye mstari wa nywele, na jua la mchana linayashusha usoni. Kupaka mafuta kichwani kwa kuacha upana wa vidole viwili kutoka kwenye paji hakugharimu chochote, na kwa wengine hilo pekee hutosha.

Sasa nirudi kwenye madoa. Watu weusi na weupe tuna idadi inayokaribiana ya chembe zinazotengeneza melanini, rangi ya ngozi. Zetu hufanya kazi zaidi, na zina wepesi wa kuchokozeka. Uvimbe wowote, uwe wa kipele, moto au mkwaruzo wa kucha, huziamsha zimwage rangi nyingi kuliko kawaida. Rangi ikibaki tabaka la juu, doa huwa la kahawia na hufifia lenyewe kwa miezi. Kipele kikitumbuliwa kwa kucha, ukuta wa kifuko hupasuka na rangi huzama tabaka la chini. Hapo doa huwa la kijivu, karibu na bluu, na linaweza kukaa miaka.

Doa si kovu, na tofauti yake unaweza kuijua nyumbani. Simama karibu na dirisha ili mwanga ukupige ubavuni, ujitazame kwenye kioo, kisha upitishe kidole taratibu juu ya alama. Ngozi ikiwa sawasawa na kilichobadilika ni rangi tu, hilo ni doa, na litaondoka. Kidole kikizama kwenye kishimo au kikikutana na kinundu, hilo ni kovu, yaani ngozi yenyewe imepungua au imezidi. Hakuna krimu inayojaza kishimo. Nalisema hili wazi kwa sababu nimewaona watu wakitumia ada ya shule kununua tyubu za kuondoa makovu.

Nilimuuliza yule binti habari za kikopo cheupe. Alichanganyiwa saluni. Siku tatu za mwanzo, alisema, uso ulilainika na vipele vikanywea, akaamini amepata dawa. Baada ya miezi miwili vipele vilirudi maradufu, na kila alipoacha kupaka uso uliwaka kama umepakwa pilipili.

Maelezo yake yalinitosha. Mkorogo wa aina hiyo mara nyingi una steroidi kali, kama klobetasoli, ambayo ni dawa nzuri kwa ugonjwa unaostahili na ni sumu kwa uso wenye chunusi. Steroidi huzima uvimbe haraka, ndiyo maana inashawishi. Kisha hukondesha ngozi mpaka mishipa midogo ya damu ionekane, huotesha vinyweleo, na huzaa chunusi zake yenyewe. Mikorogo mingine ina zebaki, ambayo hupenya mwilini na kuharibu figo. Mingine ina haidrokwinoni. Ikitumika chini ya daktari kwa muda mfupi, haidrokwinoni hufifisha madoa, lakini ikipakwa miaka bila usimamizi inaweza kuifanya ngozi iwe nyeusi ya bluu kwa namna ambayo ni vigumu mno kuirudisha. Madaktari wa Afrika Kusini waliieleza hali hiyo kwa wanawake weusi tangu 1975, na mwaka 1990 nchi hiyo ikaipiga marufuku haidrokwinoni kwenye vipodozi. Tanzania nayo imeipiga marufuku, pamoja na zebaki. Bado vinauzwa.

Ndimu na dawa ya meno nazo ziachwe. Juisi ya ndimu ikikutana na jua huunguza ngozi na kuacha weusi uleule unaokimbiwa.

Dawa zenyewe si siri, na nyingi si ghali kama watu wanavyodhani. Ya kwanza ni jamii ya retinoidi ya kupaka, hasa adapalini, inayozuia vifuko visizibe. Hupakwa usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, si kwenye kipele kimojakimoja, na wiki za mwanzo usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana. Ya pili ni benzoili peroksaidi, inayoua bakteria bila kuwafanya sugu. Kwa ngozi zetu naanza na asilimia 2.5, kwa sababu dawa kali inayochubua huacha doa kama kipele chenyewe. Huchujua vitambaa pia, kwa hiyo foronya na mtandio viwe vya rangi nyeupe. Asidi ya azelaiki nayo ina faida mbili kwetu: inatibu chunusi na inafifisha madoa, na mjamzito anaweza kuitumia. Retinoidi hapaswi kuzigusa.

Antibayotiki za kumeza kama doksisaiklini nawapa wenye chunusi nyingi zilizovimba, pamoja na dawa za kupaka, na kwa miezi mitatu au minne tu. Chunusi kubwa zenye mafundo yanayouma, zinazoacha mashimo, zina dawa yake. Ni isotretinoini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982. Inaponya wengi waliokata tamaa, lakini mwanamke akiitumia na kushika mimba, mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro kubwa sana. Kwa sababu hiyo kipimo cha mimba na uzazi wa mpango havina mjadala, na haitolewi bila daktari kufuatilia damu.

Dawa yoyote kati ya hizi huhitaji wiki 8 hadi 12 kabla ya kuihukumu. Wengi huacha wiki ya tatu, wakati ngozi inakauka na matokeo hayajaonekana. Mchana, jua huamsha rangi upya, basi mafuta ya kujikinga na jua yanahitajika. Asiyeyamudu avae kofia pana au achukue mwavuli.

Makovu tunayashughulikia baada ya chunusi kutulia. Vishimo vyembamba kama vilivyochomwa sindano huwekewa tone la asidi kali ndani yake. Vile vipana vinavyoifanya ngozi iwe na mawimbi hukatwa nyuzi zinazovivuta chini. Na kutoboa ngozi kwa visindano vidogo huiamsha ijijenge upya. Leza zipo, lakini kwenye ngozi nyeusi zinataka mkono wa mtaalamu anayeijua ngozi nyeusi, la sivyo huacha weusi mwingine. Makovu hupungua kina, hayafutiki yote. Mimi mwenyewe nilitumbua chunusi nikiwa kidato cha tatu, na kishimo cha shavu la kushoto bado ninacho.

Kovu linalovimba na kuendelea kukua kwenye taya, kifua au mabega ni keloidi. Huchomwa sindano za steroidi ndani ya kovu lenyewe, kila baada ya wiki chache. Kulikata tu bila tiba nyingine ni kulialika lirudi kubwa zaidi. Ili kuepuka makovu yanayovimba, kina kaka wenye vipele vigumu kisogoni baada ya kunyoa wamwambie kinyozi asigandamize mashine kwenye ngozi, na nywele zisikatwe mpaka kwenye mzizi.

Tangu 1992 kituo kilichopo kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, lakini bado tu wachache, na kwa wengi mshauri wa kwanza ni muuza duka. Yule binti tulimwachisha kikopo chake taratibu, akaanza adapalini. Mwezi wa pili alinipigia akilalamika kwamba haoni kitu. Mwezi wa tano alikuja bila vipele vipya, na madoa ya kahawia yalikuwa yamefifia. Ya kijivu bado yapo.

Ukija kliniki, njoo na kila unachopaka, hasa kile kisicho na lebo. Usikitupe njiani kwa aibu. Hatutakugombeza, na kwetu hicho ndicho kitu cha kwanza kukitazama.