Jiko Halipashi Nyumba: Kosa Liko Wapi?



Baridi ya Julai Nairobi si ya mchezo. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na upande wa magharibi, kuanzia Kawangware na Kangemi hadi Uthiru, nchi inazidi kupanda. Jua laweza kukosa kuonekana siku nzima, na usiku joto hushuka hadi karibu digrii 10. Nyumba zetu za kupanga hazina mtambo wa kupasha joto kama zile za Ulaya. Kilichoko ni jiko la makaa.

Mwaka jana wakati wa baridi tulitembelea kikundi cha akina mama Kangemi. Mama mmoja akatuambia, "Hili jiko la udongo mlilotuambia tununue ni bure. Linakula makaa, na nyumba ni baridi tu."

Tukaenda naye kuangalia. Ni chumba kimoja, orofa ya tatu. Dirisha limefungwa, na chini ya mlango ameweka gunia ili joto lisitoke. Watoto wawili wamelala, wanalia kichwa. Hapo hatukuuliza habari ya makaa tena. Tulifungua mlango na dirisha, tukawatoa watoto nje, na jiko likatolewa. Watoto walipopata hewa safi walianza kupata nafuu, lakini tuliwapeleka zahanati hata hivyo.

Baadaye ndipo tulipolikagua lile jiko. Tuliyoyaona tunawaeleza hapa, kwa sababu wengi wenu mna watoto wanaoishi mjini, na huko kwenu Limuru au Kinangop baridi ni kali zaidi.

JIKO LIMETENGENEZWA KWA KAZI GANI?

Jiko hili lenye kiuno chembamba lilianza kutengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazo la kuweka udongo ndani lilitoka Thailand, na mafundi wa jua kali wa Nairobi wakalifanya kuwa la kwetu. Jiko la zamani lilikuwa bati tupu. Joto lilitoka pande zote, likapotea. Katika jiko jipya, kikombe cha udongo huzuia joto lisitoke ubavuni, likapanda juu kwenye sufuria. Ndiyo maana makaa hupungua.

Kumbe basi! Jiko likipika vizuri lakini nyumba ibaki baridi, jiko halijaharibika. Linafanya kazi yake, na kazi yake ni kupasha sufuria.

KAMA HATA SUFURIA HAIPATI MOTO

Kagua mambo haya, moja baada ya jingine:

1. Hewa. Je, kimlango cha chini kiko wazi? Je, jivu limejaa? Toa jivu kila siku kabla ya kuwasha. Kisha angalia matundu ya kikombe cha udongo. Yakiziba kwa vipande vya makaa, yazibue kwa kijiti, jiko likiwa baridi. Yule mama wa Kangemi, matundu yake karibu nusu yalikuwa yameziba.

2. Makaa. Makaa yenye unyevu hutumia joto lake kukausha maji kwanza. Yaanike juani. Makaa mazuri ni mazito, na ukigonganisha vipande viwili vinalia kama chuma. Chenga usizimwage jikoni, zitaziba hewa. Zichanganye na udongo kidogo na maji, finyanga madonge, yaanike hadi yakauke kabisa.

3. Vishikio vya sufuria. Vile vyuma vitatu vya juu huinua sufuria ili hewa ya moto ipite. Vikivunjika, sufuria hukalia jiko kama kifuniko na moto hufa. Fundi atavirudisha.

4. Kikombe cha udongo. Ufa mwembamba si neno. Lakini kipande kikidondoka, au kikombe kikicheza ndani ya bati, joto litatoka kando na bati litaungua. Kikombe kipya hununuliwa peke yake, na fundi hukishika kwa saruji. Tena, usizime jiko kwa kulimwagia maji. Udongo wenye moto ukikutana na maji baridi hupasuka.

5. Kifuniko. Sufuria isiyofunikwa hupoteza joto jingi. Hili halihitaji fundi.

HATARI ISIYONUKA

Hapa tunaomba msikilize sana. Watu wengi huwasha jiko nje, moshi ukiisha wanaliingiza ndani wakidhani sasa ni salama. Sivyo. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hushika mahali pa oksijeni, na hushika kwa nguvu zaidi ya mara 200. Mtu aliyelala huenda asiamke. Mama mjamzito na mtoto aliye tumboni wako katika hatari kubwa zaidi.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Ukiona watu kadhaa wa nyumba moja wanaumwa hivyo kwa pamoja, usingoje. Fungua mlango na madirisha, watoe wote nje, kisha wapeleke hospitali na useme kwamba jiko lilikuwa ndani.

Wengine husema ukiweka beseni la maji karibu na jiko sumu inaisha. Haiishi. Pika mahali penye hewa, na usilale na jiko lenye makaa ndani, hata yakionekana kama yamezimika.

BASI TUTAPATAJE JOTO?

Tumia jiko kuchemsha maji, kisha peleka maji kitandani. Tia maji moto kwenye chupa inayohimili joto, ifunge vizuri, izungushie kitambaa, uiweke miguuni. Tandika mkeka au makatoni chini ya godoro, maana sakafu ya simiti hunyonya joto la mwili. Blanketi mbili nyepesi hushinda moja nzito, kwa sababu hewa kati yake huhifadhi joto.

Yule mama alizibua matundu, akaanika makaa yake, na siku hizi anapikia kwenye korido. Anasema debe moja linakaa siku zaidi kuliko mwanzo, na watoto wanalala na chupa zao.

KWA MKUTANO WENU UJAO

Kila mwanachama alete jiko lake, likiwa baridi, mkague pamoja yale mambo matano. Kisha mjadili: Ni nani katika kikundi chetu hulala na jiko ndani? Tunaweza kumsaidiaje apate blanketi kabla ya Julai?